Kidole cha Sita

Mchana natengeneza meno.
Chumba cha nyuma cha zahanati, mtaa wa Oli, Arua:
namwaga jasi kwenye alama za vinywa nisivyovijua,
nachonga magego, nasugua fizi mpaka zing'ae,
na Dakta Onzima hupita akisema,
"Yale ya mwalimu wa Mvara yaharakishe,
ana harusi Jumamosi na hawezi kutafuna nyama."

Jioni, umeme ukiwepo, nafunga mlango.
Makombo ya akriliki siyafagii.
Hayo ndiyo mwili wa Rubani wa Mvua.

Humjui. Hakuna anayemjua.
Hakuwahi kuonyeshwa kwenye kibanda cha video,
hakubandikwa nyuma ya lori lolote liendalo Kongo.
Alizaliwa kwenye daftari la hesabu la kaka yangu Amaku,
darasa la sita, kurasa za mwisho,
kwa kalamu iliyovuja.
Alikuwa na mwavuli uliobeba radi
na tabia mbaya ya kushuka nguo zikiwa zimeanikwa.
Nilikuwa shabiki wake.
Mashabiki wote, kwa jumla, nilikuwa mimi.

Daftari liliishia kufungia karanga.
Simlaumu mama. Karanga zililipa ada.

Miaka ishirini na minane, na bado namkumbuka kwa mikono.
Kimo, sentimita kumi na nane.
Mabega yanazunguka kwa vifungo vya kubana
nilivyong'oa kwenye gauni kuukuu.
Goti la kulia lilinitesa mwezi mzima;
kila nikimsimamisha, anapiga magoti kama mlokole.
Miwani ni kipande cha chupa ya soda.
Buti nimezipaka rangi ya kucha:
muuzaji aliitazama mikono yangu, akautazama uso,
akarudisha chenji bila neno.
Ngozi nimeipaka kahawia, tabaka tatu,
lakini kwapani uwaridi wa fizi bado unachungulia.
Nimeuacha.

Kisha nikataka mwavuli wenyewe, wa kimo cha mtu.
Spoki kumi na sita za baiskeli, turubai, betri mbili za tochi.
Zamzam wa jirani akaunyakua, akazunguka nao uani
akitangaza mvua,
na mamake akaanua nguo zote mbichi, mbio,
chini ya jua kali.
Niliitwa. Niliomba radhi,
mtu mzima na ndevu zangu,
radi ikimetameta mkononi.

"Hivi vinauzwa?" Dakta aliwahi kuniuliza.
Haviuzwi.
"Basi ni vya nini?"
Nikafungua droo ya meno kana kwamba jibu limo.

Amaku yuko Kampala, anakagua hesabu za watu wa saruji.
Tunaandikiana panapokuwa na msiba, au ada.
Nilimviringisha Rubani kwa pamba ya zahanati,
nikamlaza kwenye boksi la glavu,
nikamkabidhi utingo wa basi la usiku.
"Dawa?" akauliza.
Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi zaidi.

Siku tatu, kimya. Ya nne, kimya.
Ya tano simu inalia, nimeshika taya la mtu.
Hakunisalimu.
"Mkono wa kushoto," akasema, kwa sauti ya darasa la sita,
"umekosea. Vidole vilikuwa sita.
Cha sita ndicho kinachofungua mwavuli.
Wewe, wewe umesahau?"

Nilikuwa nimesahau.
Na upande wake wa simu nikasikia karatasi ikichanwa,
kalamu ikikwaruza, ikisita,
ikikwaruza tena.

"Mpakie kwenye basi la leo," nikamwambia.
Sakafuni kuna vumbi la waridi, na vipande,
vinatosha kidole.
Mwalimu wa Mvara, nisamehe,
Jumamosi utakula wali na mchuzi.